GITEX ya 2017, mwaka ambao wahasibu tulikuwa mastaa

Nimesikia GITEX inahama. Kuanzia 2026 wanaitoa pale Dubai World Trade Centre wanaipeleka Expo City, tena wanaisogeza kutoka Oktoba mpaka Desemba, na sababu zao nazielewa kabisa, pale mjini palishajaa, ile foleni ya Sheikh Zayed Road wiki ya maonyesho usiombe ikukute. Lakini nilivyoisoma hiyo habari nikajikuta nacheka peke yangu, maana wiki ya kazi niliyoifurahia kuliko zote nimeifanyia ndani ya zile kumbi, nimesimama kuanzia asubuhi mpaka jioni, nimevaa suti ya kuazima, nauza programu ya uhasibu. Ndio, ya uhasibu. Msicheke.

Kwa wasioijua, GITEX ni maonyesho ya kompyuta na softiwea, yalianza 1981 yakiitwa Gulf Computer Exhibition, pale pale Trade Centre, lile jengo la ghorofa 39 alilolifungua Malkia Elizabeth mwaka 1979 na ambalo lipo kwenye ile noti ya karatasi ya dirhamu 100 tuliyoizoea. Wazee wa Dubai wanakwambia lilipojengwa lilikuwa limesimama karibu peke yake mchangani. Siku hizi limezungukwa na maghorofa hadi unalitafuta.

Sasa mwaka wenyewe ni 2017, tarehe 8 hadi 12 Oktoba, Jumapili mpaka Alhamisi, maana enzi hizo wikendi ya Emirates ilikuwa bado Ijumaa na Jumamosi, hii mpya imekuja 2022. Mimi nilikuwa sapoti kwenye kampuni ndogo ya softiwea pale Deira, mtaa wa biashara wa Dubai. Sapoti maana yake mteja akikwama anakupigia simu anakufokea, unamwambia bosi hebu zima uwashe tena, inakubali, anakata simu bila hata asante. Hiyo ndio ilikuwa kazi yangu. Na kabla ya kwenda Dubai nilikuwa naandika mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, hilo mliweke akilini, lina kazi yake huko mbele.

Ofisini Waswahili tulikuwa wawili tu, mimi wa Tanga na mwenzangu wa Mombasa, na tulikuwa tunabishana kila siku ya Mungu nani anajua Kiswahili na nani anabahatisha. Waliobaki Wahindi wa Kerala, Mpakistani mmoja aliyekuwa anashika mambo ya seva, na dada mmoja Mfilipino wa mapokezi ambaye tukiwa wakweli ndiye alikuwa anaiendesha ile kampuni. Maonyesho yakifika bosi anafunga nusu ya ofisi, kila mwenye suti anapelekwa bandani, asiye na suti anatafuta wa kumuazima. Ya kwangu mikono ilikuwa mifupi kidogo kwa hiyo wiki nzima nilikuwa natembea nimekunja viwiko.

Kitu ambacho mgeni wa maonyesho haoni ni zile siku za kujenga, kabla milango haijafunguliwa. Mimi ndizo nilizipenda kuliko hata maonyesho yenyewe. Unaingia ukumbi mkubwa hauna kitu ila sakafu iliyochorwa mistari ya chokaa, halafu unatoka kwenda kula unarudi unakuta watu wamesimamisha nyumba ya mbao ya ghorofa mbili yenye ngazi na mgahawa juu, mafundi wanapiga rangi, gundi inanuka mpaka macho yanawasha, misumeno inalia, fokolifti zinapiga honi nyuma yako, kiyoyozi hakijawashwa na milango ya mizigo ipo wazi kwa hiyo lile joto lote la Oktoba la Dubai limehamia ndani, na mazulia yamefunikwa nailoni ili yasichafuke. Mashirika ya serikali ndiyo yalikuwa yanatisha kwa ukubwa. Polisi wa Dubai, mamlaka ya barabara, umeme na maji, kampuni za simu, kila mmoja anataka banda lake limzidi mwenzake, skrini hadi darini.

Sisi banda letu lilikuwa mita tatu kwa tatu. Paneli nyeupe, zulia la kijivu, meza moja, viti vitatu, soketi moja ya umeme, na ubao juu ulioandikwa jina la kampuni kwa herufi za kufanana na za kila jirani. Kibanda cha wakala wa M-Pesa, kwa kweli, tofauti ni kwamba hiki kilikuwa na kiyoyozi. Mwenzangu wa Mombasa alisimama katikati akanyoosha mikono akagusa huku na huku karibu, akaniambia, "Wallahi hapa wateja wakiwa watano, wawili inabidi tuwaoe."

Ila yeye huyo huyo ndiye aliyetuokoa. Bosi alikuwa ametengeneza bango la kuchapisha, refu, limejaa mambo yote yanayofanywa na programu yetu, stoku, mishahara, bakodi, matawi, ripoti sijui sabini na ngapi, maandishi madogo huwezi kuyasoma hata ukiwa umelibeba. Wakaenda wote wawili kwa mchapaji, na huko jamaa akamkaba bosi mpaka akakubali kufuta kila kitu. Bango lilirudi na herufi tatu tu, nyekundu, urefu wa mtoto wa darasa la pili: VAT.

Na hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, na Emirates hakukuwa na kodi hiyo. Wafanyabiashara wa Deira walikuwa wanauza na kununua miaka yote hiyo, wengine wana daftari tu na kikokotoo, wengine Excel, wengine wana Tally ile programu ya Kihindi iliyotapakaa Gulf nzima, na hakuna mtu alikuwa anajua invoisi ya kodi ni mdudu gani. Halafu Agosti 2017 sheria ikatoka kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2018 VAT inaanza, asilimia 5, Emirates na Saudia siku moja. Mwenye mauzo ya zaidi ya dirhamu 375,000 kwa mwaka lazima ajisajili. Mwenye 187,500 anaweza akitaka. Invoisi iwe na namba ya mlipakodi ya tarakimu 15. Vitabu vitunzwe miaka 5. Yote hayo ndani ya miezi minne, na hata kanuni za utekelezaji wenyewe zilikuwa hazijatoka, zilikuja kutoka mwishoni mwa Novemba. Watu walikuwa wamechanganyikiwa jamani. Na kuonyesha serikali haitanii, tarehe 1 Oktoba, yaani wiki moja kabla ya maonyesho, walianza na ushuru wa sigara na vinywaji vya enaji kwa asilimia 100 na soda za gesi asilimia 50. Kwa hiyo sisi tuliokuwa tunategemea kopo la enaji kusimama siku nzima tukakuta limepanda bei mara mbili wiki ile ile tuliyolihitaji.

Jumapili asubuhi milango ikafunguliwa, watu wakamwagika, na wote wakatupita. Wote! Maana polisi wa Dubai walikuwa wameleta pikipiki inayoruka, ile Hoversurf ya Warusi, ina mapangaboi manne na askari anakaa juu, na walikuwa na yule roboti polisi wao waliyemuanzisha kazi mwezi wa tano, sasa nani ataacha pikipiki inayopaa aje kuangalia leja? Watoto wa shule wanapita, vijana wa vyuo wanapita, na lile kundi ambalo aliyewahi kufanya kazi maonyesho yoyote analijua, wakusanya kalamu. Hawa ni watu maalumu bwana. Anakuja na begi kubwa, hakuangalii usoni, anachukua kalamu tatu, flashi moja, anachukua na pipi, anaskaniwa beji yake kwa upole kabisa, jina linaingia kwenye orodha ya wateja, kesho yake ukipiga simu unaambiwa ni mwanafunzi wa udaktari wa meno. Dada Mfilipino alikuwa anawajua kwa mwendo. Akiwaona mbali anaficha flashi chini ya meza anaacha vipeperushi tu.

Kwenye saa tano hivi akasimama mzee mmoja wa Kihindi mbele ya bango, akalitazama muda mrefu sana, akauliza kwa sauti ya chini utadhani anaulizia jambo la aibu, hii kitu mnaielewa nyinyi? Ana duka la vipuri vya magari huko Sharjah. Nikamwambia kaa.

Hapo ndio wiki yangu ilipoanza.

Nikachukua kipeperushi nikakigeuza nyuma nikaandika. Umenunua mzigo wa dirhamu 1,000, umemlipa aliyekuuzia 50 juu yake. Umeuuza 1,500, mteja wako amekulipa 75 juu yake. Hiyo 75 si yako, toa ile 50 uliyokwisha kulipa, 25 peleka serikalini. Basi. Akanitazama, akatazama karatasi, akasema nilihudhuria semina ya siku nzima hotelini nimelipa pesa na hawakunieleza hivi. Akaikunja ile karatasi akaweka mfukoni, akaenda, na baada ya nusu saa akarudi na wenzake wanne. Kufika mchana tulikuwa na foleni. Foleni ya kweli, watu wamesimama nje ya banda mpaka jirani yetu wa kuuza kamera akaanza kulalamika, baadaye akaacha kulalamika akaanza kuwauzia kamera wakiwa kwenye foleni.

Sasa jiulizeni, mimi hayo nilikuwa nimeyajulia wapi? Kariakoo! Tanzania VAT ilianza Julai 1998, ikiwa asilimia 20, ikashushwa kuwa 18 mwaka 2009, na mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zikaja 2010, na mimi nilikuwa pale dukani na zile karatasi zake zinazofutika, nimeandika ritani, nimekimbizana na tarehe 20 ya mwezi, nimesimama na wateja wanaosema nipunguzie nisipewe risiti, nimeona maduka yakifungwa kwa mgomo wa mashine. Miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu ni usumbufu tu wa maisha. Halafu nafika ndani ya maonyesho makubwa ya teknolojia, kuna wataalamu wa wingu na wa akili bandia wamevaa suti zinazowatosha, na mtu anayetafutwa ni yule aliyewahi kukosana na mashine ya EFD.

Mwenzangu wa Mombasa ndio kabisa, yeye Kenya VAT imeanza 1990, alikuwa na mashine za risiti za KRA kwenye duka la familia. Wale ndugu zetu wa Kerala walikuwa wamepata GST, yaani VAT ya kwao, kule India tarehe 1 Julai mwaka ule ule, kwa hiyo walikuwa wanapiga simu nyumbani kila usiku kuwauliza ndugu zao wenye maduka imekuwaje, na asubuhi wanatuletea habari. Jamaa akawa anawatania, "Sisi tangu tisini, nyie mmeamka juzi." Halafu wateja wakisikia ni asilimia 5 wanashika vichwa, na sisi tunatazamana tu. Tano! Njoo uione kumi na nane.

Ila maswali mengine yalikuwa mazito kwelikweli na nakiri yalinifurahisha kuliko yale mepesi. Mzigo nimeununua Novemba bila kodi nikiuuza Januari inakuwaje? Mteja amelipa advansi Desemba, mzigo anachukua mwezi wa pili? Nina ghala Jebel Ali, frizoni, yaani eneo huru la biashara, ni ndani ya nchi au nje ya nchi? Nimempa mwenye nyumba cheki za mwaka mzima mbele, duka langu, kodi ya pango ina VAT au haina? Mama mmoja wa Lebanoni mwenye saluni aliuliza akimpaka bibi harusi rangi kwa invoisi moja na ya mama mkwe bure, ile ya mama mkwe inahesabiwaje. Tulisitisha mauzo dakika kumi nzima tukajadili hilo, foleni yote ikachangia. Na pale ambapo jibu lilikuwa halijatoka kwenye kanuni tulikuwa tunasema subirini kanuni. Nilipita mabanda mengine nikasikia wauzaji wanaapa wanajua kila kitu, sijui walikuwa wanasoma wapi.

Bosi ambaye miaka yote alikuwa anatuambia tuonyeshe skrini kwanza, alisimama pembeni anatuangalia tunachora nyuma ya vipeperushi, siku ya pili akaenda kuchapisha vipeperushi vipya vikiwa vitupu upande mmoja.

Programu yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki kuisema vibaya, ila ilikuwa na ugonjwa wake. Alikuja Msaudi mmoja mtaratibu, thobe nyeupe imenyooka, akasema kwetu invoisi lazima iwe ya Kiarabu, nichapishie niione. Tukachapisha. Wanaojua wanajua, herufi za Kiarabu zinatakiwa kuungana na kuanzia kulia, hizi zikatoka zimeachana kila moja peke yake, na zimeanzia kushoto. Yule bwana akaiangalia, akaigeuza juu chini, akaipeleka kwenye mwanga, akasema kwa heshima zote kwamba haya ni maandishi mazuri ila hayajawahi kutumiwa na binadamu. Akacheka yeye kwanza ndio na sisi tukathubutu. Mpakistani wetu wa seva alibeba laptopu akaenda nayo kwake, asubuhi akarudi macho mekundu, invoisi inasomeka, yule Msaudi alikuwa ameahidi kupita tena na kweli akapita, akaweka sahihi pale pale.

Chakula ndani ya kumbi kilikuwa ghali kiasi cha matusi. Ndio maana dada Mfilipino alikuwa anakuja na bakuli la wali na kuku la kutosha ukoo, tunakula kwa zamu nyuma ya paneli tumechuchumaa na suti. Chai ya karak mtu mmoja anatumwa nje anarudi na vikombe kwenye boksi. Miguu ndio usiseme. Dada wa banda la kamera alikuwa na plasta za visigino anagawa kwa kila aliyevaa viatu vipya, hadi wa mabanda ya mbali walikuwa wanajua waje kwake. Jioni tunapanda metro ya Red Line hapo World Trade Centre, imejaa mpaka mlango unafunga kwa dua, kila mtu kavaa beji shingoni bado kasahau kuivua, unaona kabisa huyu Huawei, huyu SAP, huyu sijui nani, wote wameegemeana wamelala wima.

Nakuja kwa mzee wa Muscat sasa, maana nikiandika yote hayo nisimtaje huyu nitakuwa nimefanya dhambi.

Siku ya tatu, mchana, foleni imepungua, mimi na mwenzangu tunalalamika kwa Kiswahili kuhusu bei ya enaji. Nyuma yetu sauti ikasema:

"Nyie vijana mnalilia soda? Mie magoti yananiuma tangu kulekule mlangoni na wala sijasema."

Tukageuka. Mzee wa Kiomani, kilemba, bakora, dishdasha, na kijana pembeni kama miaka kumi na sita anayetazama upande wa pikipiki inayoruka.

"Shikamoo mzee," tukasema wote kwa mpigo.

"Marahaba, marahaba wanangu. Nipeni kiti basi."

Tukampa kiti, tukampa maji. Amezaliwa Unguja, Ng'ambo, ameondoka kijana baada ya mapinduzi ya 1964, ana duka la vifaa vya ujenzi pale Ruwi, Muscat. Kaja Dubai kumuonyesha mjukuu wake maroboti, na mjukuu anataka kukimbia na yeye hawezi kukimbia. Mwenzangu akamchukua yule kijana wakaenda kuangalia pikipiki, mzee akabaki na mimi.

"We wa wapi?"

"Tanga, mzee."

"Tanga kubwa. Tanga ya wapi?"

"Ngamiani."

"Barabara ya ngapi?"

Jamani. Ukumbi mzima una skrini na maroboti na mtu ananiuliza barabara ya ngapi. Nikamtajia, akasema ami yake alikuwa barabara ya nane akiuza mafuta ya taa, akanitajia na msikiti wa jirani, akaniuliza kama bado upo. Upo. Akatulia akanywa maji. Halafu akaelekeza bakora kwenye bango.

"Haya, hii ndo nini hasa? Huyu mjukuu wangu kanieleza sikutoka na kitu."

Nikageuza kipeperushi, nikamchorea kwa simenti na nondo, manunuzi huku, mauzo huku, tofauti hapa. Alisikiliza vizuri sana, hakuuliza kitu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mie nitakuwa karani wa serikali. Bila ya mshahara."

"Ndiyo mzee," akasema mwenzangu aliyekuwa amesharudi na kijana, "na ukichelewa karani mwenyewe unapigwa faini."

Alicheka hadi kilemba kikasogea. Akauliza kama na Oman itafika. Tukamwambia nchi zote sita za Gulf zimekubaliana, ila kila moja na wakati wake. Akasema Oman hatuna haraka. Na kweli hawakuwa na haraka, ilikuja kuanza tarehe 16 Aprili 2021. Lakini mzee hakuondoka mikono mitupu, alitoa simu akampigia mpwa wake mwenye duka Sharjah akamwambia kwa amri, njoo hapa kuna watoto wa kwetu. Mpwa akaja kesho yake, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini hela yake ilikuwa kamili, akachukua programu ya maduka mawili na mafunzo juu.

Alhamisi ndio siku ya vurugu. Saa za mwisho hakuna anayeuza tena, watu wa mabanda wanatembeleana, wanabadilishana vitu, mimi nikupe kikombe wewe nipe pawabenki, tulitoka na miavuli, madaftari, chaja za kila aina, na ile mimea ya kukodi ya mapambo kila mtu anaitamani na haruhusiwi. Kabla tangazo la kufunga halijaisha mafundi wameshaingia na nyundo. Lile jumba la ghorofa mbili nililoliona linasimamishwa mpaka mgahawa juu, lilibomolewa mbele ya macho yangu tukiwa tunamalizia kufunga nyaya zetu. Bango letu mwenzangu alilikunja akalibeba begani hadi kwenye metro, walinzi wakamzuia kwa sababu ya urefu, akawaeleza VAT ni nini, wakampitisha. Sijui aliwaeleza nini.

Baada ya hapo Novemba na Desemba hatukulala. Simu zililia, kila aliyebeba kipeperushi kilichochorwa nyuma alirudi, kanuni zilipotoka tukabadilisha mipangilio ya wateja mmoja mmoja, na usiku wa tarehe 31 Desemba wakati Burj Khalifa wanafanya mambo yao ya taa sisi tupo Naif nyuma ya kaunta ya duka la mabegi tunajaribisha risiti ya kwanza yenye asilimia 5 juu yake. Mwenye duka aliifremu.

Mimi nilisharudi nyumbani, nipo Dar. Mwenzangu wa Mombasa bado yupo kule kule, na kila serikali ikileta jambo jipya ananitumia voisi noti. 2023 ilipokuja kodi ya faida ya makampuni, asilimia 9, alituma voisi ndefu anacheka tu haongei. Safari hii ni invoisi za kielektroniki, Emirates wanaanza majaribio Julai 2026 na makampuni makubwa yatalazimika Januari 2027, na jamaa amechanganyikiwa kwa furaha, ananiambia, "Rafiki yangu, EFD imefika Dubai, njoo Desemba huko Expo City tusimame bandani, nina bango tayari."

Nimemjibu kwanza aniambie hoteli inalipwa na nani, na hiyo suti ina mikono mirefu kiasi gani. Hajajibu mpaka sasa hivi naandika.